Kasi Siyo Tabia: Somo la Magari Mawili ya Nyumba Moja

Ukipita mabwenini jioni, hasa siku ambayo hakuna mechi, mjadala hauchelewi kufika kwenye magari. Mmoja atasema gari fulani linafika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde tatu. Mwingine atamkatisha: hilo si kitu, yapo ya umeme yanayofika kwa sekunde mbili na ushee. Wa tatu, ambaye mara nyingi ndiye mkimya kuliko wote, atasema, "Hizo zote hazina raha. Gari ni za zamani, bwana." Hapo kelele zinaanza, na kwa kawaida zinaisha bila mtu yeyote kueleza alimaanisha nini kwa neno "raha".

Makala hii inajaribu kueleza. Mimi nasomea uhandisi mitambo, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona kwamba yule mkimya ana hoja nzuri, ila anaitetea vibaya. Anasema magari ya zamani yalikuwa na roho. Roho haipimwi, kwa hiyo wenzake wanamcheka. Lakini yapo mambo matatu yanayopimika: uzito wa gari, mawasiliano kati ya tairi na mikono ya dereva, na umbali uliopo kati ya uwezo wa gari na uwezo wa binadamu anayeliendesha. Ukiyaelewa hayo utabishana vizuri zaidi. Na siku utakaposhika hela ya kununua gari lako la kwanza, yanaweza kukuokolea pesa, hata maisha.

Fundi anaposema "tabia"

Waandishi wa magari huko Ulaya na Japani hulisifu gari kwa kusema lina tabia yake. Kwetu neno hilo tunalisikia gereji, na maana yake ni nyingine kabisa. Mpelekee fundi gari atakuuliza, "Lina tabia gani?" Utamjibu, "Likipata moto linazima," au, "Ukishika breki linavuta kushoto." Kwa fundi, tabia ni kasoro iliyozoeleka.

Naona fundi na waandishi wale hawako mbali sana. Wote wanazungumzia jambo ambalo gari linalifanya na dereva analazimika kulijua, kulizoea na kulijibu. Kwa hiyo kwenye somo hili nitatumia maana hii: tabia ya gari ni yale linayokuambia na yale linayokudai. Gari lisilokuambia kitu wala kukudai kitu halina tabia, hata kama lina mbio kuliko yote barabarani. Linakupeleka tu.

Magari mawili ya nyumba moja

Ili tusilinganishe embe na nanasi, nimechagua magari mawili ya kampuni moja, Nissan ya Japani, ambayo zamani magari yake mengi yaliuzwa nje kwa jina la Datsun.

La kwanza ni Datsun 240Z, lililotoka mwaka 1969. Lilikuwa na injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, kabureta mbili, na nguvu za farasi kama 150. Hiyo 150 ilipimwa kwa mtindo wa zamani, injini ikiwa haijabebeshwa baadhi ya vifaa vyake, kwa hiyo farasi waliofika barabarani walikuwa pungufu. Uzito wake ulikuwa kama kilo 1,050. Tairi zake zilikuwa nyembamba, upana wa milimita 175, juu ya rimu za inchi 14. Halikuwa na kompyuta hata moja.

Afrika Mashariki tuna sababu ya kulikumbuka gari hili. Mwaka 1971, kwenye mashindano ya East African Safari, enzi zile yakipita Kenya, Uganda na Tanzania, Edgar Herrmann alishika nafasi ya kwanza akiwa na 240Z, na nafasi ya pili ikachukuliwa na 240Z nyingine ya Shekhar Mehta, kijana mzaliwa wa Uganda. Mwaka 1973 Mehta akarudi na gari lilelile akawa bingwa. Huyu ndiye aliyekuja kushinda Safari mara tano kwa jumla. Vumbi, tope, mawe na madaraja yaliyozama: ndiko 240Z ilikopatia heshima yake.

La pili ni Nissan GT-R, aina ya R35, iliyotambulishwa mwaka 2007. Injini yake ni ya silinda sita, lita 3.8, ina turbo mbili, na ilianza na farasi 480. Uzito ni kilo 1,740 hivi. Gia zake zina klachi mbili zinazoendeshwa na kompyuta: wakati gia ya pili inafanya kazi, ya tatu iko tayari inasubiri, kwa hiyo badiliko linatokea haraka kuliko mkono wa binadamu yeyote. Nguvu inapelekwa magurudumu yote manne, na kompyuta ndiyo inayoamua kila upande upate kiasi gani. Tairi za nyuma zina upana wa milimita 285, juu ya rimu za inchi 20. Kutoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa, GT-R ile ya mwanzo ilihitaji kama sekunde tatu na nusu. 240Z ilihitaji kama nane.

Tugawanye nguvu kwa uzito. 240Z inapata farasi 143 kwa kila tani. GT-R inapata 276, karibu mara mbili. Kwa karatasi mchezo umeisha. Lakini muulize mtu aliyewahi kuendesha yote mawili ni lipi angelichukua Jumapili asubuhi kwenye barabara ya milimani yenye kona nyingi, bila haraka yoyote. Wengi hujibu 240Z, na mara nyingi hawajui kueleza kwa nini. Tuwasaidie.

Somo la kwanza: uzito

Gari linalotembea limebeba nishati. Kanuni yake tuliisoma sekondari: nusu ya uzito mara mraba wa kasi. Kwa kilomita 100 kwa saa, yaani mita 27.8 kwa sekunde, gari la kilo 1,050 limebeba kilojuli 405 hivi. Chukua sasa BMW M5 ya mwaka 2024, ambayo ni haibridi yenye farasi 727. Uzito wake ni kilo 2,435. Kwa kasi ileile imebeba kilojuli 940. Ukikanyaga breki, nishati inayomalizwa na diski za breki lazima igeuke joto. Ndiyo maana magari haya ya sasa yana diski za breki kubwa ambazo zisingeingia kwenye rimu ya 240Z.

M5 ya kwanza kabisa, ya katikati ya miaka ya 1980, ilikuwa na farasi 286 na kilo 1,430 hivi. Toa kilo hizo kwenye zile za mwaka 2024, tofauti ni kama kilo 1,000. Yaani ndani ya miaka 40 jina lilelile limebebeshwa mzigo unaokaribia uzito wa Datsun 240Z nzima. Kilo hizo hazikuja bure. Kuna betri, kuna injini ya umeme, kuna mifuko ya hewa, kuna bodi iliyoimarishwa kwa ajili ya ajali, kuna viti vyenye mota. Mengi ni mambo mema. Lakini fizikia haiulizi mzigo ni wa nini.

Tena kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui kuhusu tairi. Ukiongeza mzigo juu ya tairi mara mbili, mshiko wake barabarani hauongezeki mara mbili. Unaongezeka, ila pungufu ya hapo. Kwa hiyo gari zito linaanza kona likiwa na deni. Ili kulilipa, mhandisi anaweka tairi pana zaidi. Tairi pana na rimu kubwa zina uzito wake, springi zinabidi ziwe ngumu zaidi, halafu kompyuta inaingizwa kurekebisha ugumu huo. Kila dawa inaleta ugonjwa wake mdogo, na kati ya dereva na barabara vinazidi kujaa vitu.

Gari jepesi linakwepa mlolongo wote huo. Linageuka kwa sababu hakuna kikubwa cha kugeuza. Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus ya Uingereza, alijenga kampuni nzima juu ya wazo hilo: punguza uzito kwanza, nguvu itatosha yenyewe.

Somo la pili: usukani unaoongea

Nilijifunzia udereva kwenye pikapu kuukuu isiyo na pawa stelingi. Kuegesha lilikuwa zoezi la mabega. Lakini ukishaondoka, usukani ule ulikuwa unakuambia kila kitu: changarawe imeanza, lami imelowa, tairi la kushoto limeingia kwenye mkondo wa malori. Baadaye nilipoendesha gari jipya la kisasa niliona limetulia, lakini mikononi palikuwa kimya kama simu iliyokatika. Chuoni ndipo nilipokuja kuelewa sababu.

Tairi la mbele linapokata kona, mpira unajipinda kidogo pale unapogusa lami. Nguvu inayolisukuma gari kuingia kona haifanyi kazi katikati kabisa ya eneo hilo la mguso, bali nyuma kidogo ya katikati. Matokeo yake tairi lenyewe linataka kujinyoosha, na wewe unahisi usukani ukivuta kurudi. Ukiongeza kasi ndani ya kona, usukani unazidi kuwa mzito.

Sasa sikiliza hapa. Tairi linapokaribia kikomo chake, sehemu ya nyuma ya eneo la mguso inaanza kuteleza kwanza. Ile nguvu inasogea mbele kuelekea katikati, na hamu ya tairi kujinyoosha inapungua. Usukani unakuwa mwepesi kidogo, na unakuwa mwepesi kabla tairi halijaachia. Hiyo ni taarifa. Gari linakuambia, "Mwanangu, tumebakiza kidogo." Dereva aliyezoea anapunguza mguu, na hakuna kinachotokea.

Kwenye 240Z taarifa hiyo inapita kwenye vyuma vitupu hadi viganjani. Kwenye magari mengi ya leo kuna mota ya umeme inayosaidia kuzungusha usukani, na kompyuta inaamua uzito utakaousikia. Mota hiyo inaokoa mafuta na inarahisisha kuegesha. Inaweza pia kuchuja mitetemo midogo, pamoja na ile iliyokuwa na habari ndani yake. Porsche walipoingiza usukani wa umeme kwenye 911 ya mwaka 2011, wapenzi wa gari hilo walilalamika si kwa sababu lilikuwa baya kwenye kona, bali kwa sababu liliongea kidogo kuliko lile la kabla yake. Tuwe wa haki: tatizo halimo kwenye umeme wenyewe. Mhandisi akitaka mota iruhusu habari ipite, inaweza kupita, na magari ya miaka ya karibuni yameboreka sana. Ni uamuzi wa mtengenezaji.

Tairi nazo zina neno. Lile jembamba lenye ukuta mrefu wa mpira linaanza kuteleza polepole na kwa muda mrefu. Lile pana lenye ukuta mfupi linashika sana, linashika, linashika, halafu linaachia kwa haraka. La pili lina mshiko mwingi zaidi. La kwanza lina adabu ya kuaga kabla ya kuondoka.

Somo la tatu: kikomo kiko wapi?

Hili ndilo somo ninaloliona kubwa kuliko yote. Kila gari lina kikomo, na kila dereva ana chake. Raha inapatikana pale vikomo hivyo viwili vinapokaribiana, ukawa unafanya kazi na gari bega kwa bega.

Kwenye 240Z unaweza kukanyaga mafuta hadi chini, ukaisikia injini ikipanda, ukabana klachi, ukaingiza gia, ukakanyaga tena, na bado hujafanya kosa la jinai. Kwenye GT-R kasi ya 50, ambayo ndiyo kibao chetu cha maeneo ya makazi, inafika chini ya sekunde mbili. Ukihesabu "moja, mbili" umeshamaliza kila kitu unachoruhusiwa kufanya. Kilichobaki cha uwezo wake kiko kwenye kasi ambayo barabara ya umma hairuhusu, na ambayo wengi wetu hatuna ujuzi nayo. Ni kama kununua spika za uwanja wa taifa ukazifunga chumba cha hosteli. Zitakuwepo, utazionyesha kwa wageni, lakini hutazisikia.

Ndiyo maana nasema kasi siyo tabia. Kasi ni matokeo. Tabia ni mazungumzo, na mazungumzo yanahitaji pande mbili. Gari linalofanya kazi yote peke yake limekugeuza abiria aliyekaa kiti cha mbele.

Watengenezaji wenyewe wanajua

Kama unadhani haya ni maneno ya wazee wanaokumbuka ujana wao, angalia viwanda vinafanya nini.

Mwaka 2011 BMW walitoa M5 yenye turbo mbili. Turbo hupunguza ukali wa mlio, na kabini ilikuwa imezibwa vizuri kuzuia kelele. Wakagundua dereva haisikii injini aliyoilipia. Suluhisho lao? Kupiga mlio wa injini kupitia spika za redio.

Mwaka 2012 Toyota, wakishirikiana na Subaru, walileta GT86, jina linalomkumbuka babu yake, Corolla AE86 ya miaka ya 1980. Wangeweza kulifunga tairi pana. Badala yake walilipa tairi za kawaida, za aina ileile iliyofungwa kwenye baadhi ya Prius. Walipunguza mshiko makusudi, ili kikomo kishuke hadi kasi ambayo dereva wa kawaida anaweza kukifikia na kukihisi.

Mwaka 2013 Porsche walitoa 911 GT3 isiyo na gia za mkono kabisa, kwa hoja kwamba kompyuta inabadilisha haraka zaidi. Hoja ilikuwa sahihi. Wateja hawakufurahi. Mwaka 2016 ikaja 911 R yenye gia za mkono, na mwaka uliofuata GT3 nayo ikarudishiwa klachi kwa anayeitaka. Watu walichagua, na kulipia, kuwa wa polepole kidogo.

Kubwa kuliko yote ni Hyundai Ioniq 5 N ya mwaka 2023. Ni gari la umeme, farasi wanafika 650, uzito kama tani 2.2. Gari la umeme la namna hii halina haja ya kubadilisha gia. Lakini wahandisi wake wameliandikia programu inayoigiza gia nane: unavuta kijiti nyuma ya usukani, gari linashtuka kidogo kama linabadilisha gia, na usipobadilisha kwa wakati nguvu inakatika kama vile injini imefika mwisho. Yaani wametumia teknolojia ya juu kabisa kutengeneza upya kasoro ambazo wahandisi wa zamani waliota kuziondoa. Fundi wetu wa gereji angecheka. Tabia imeuzwa kama nyongeza.

Upande wa pili, na tusiuruke

Hapa ndipo namgeukia yule mkimya wa bwenini. Ndugu yangu, zamani hakukuwa pepo.

Porsche 911 Turbo ya mwaka 1975 ilikuwa na tabia kweli kweli. Injini iko nyuma ya ekseli ya nyuma, farasi 260, gia nne, na turbo kubwa inayochelewa kuamka. Dereva anaingia kona, anakanyaga mafuta, hakipatikani kitu. Anakanyaga zaidi. Sekunde inapita, halafu nguvu zote zinafika kwa mpigo, katikati ya kona. Anaogopa, anaachia mafuta ghafla. Uzito unahamia mbele, tairi za nyuma zinapoteza mshiko, na ile injini nzito inautupa mkia nje kama nyundo. Gari hilo lilipewa jina la utani la kutengeneza wajane. Hiyo nayo ni tabia: lilikuambia, lakini lilikuambia ukiwa umeshachelewa.

Breki za kuzuia tairi kujifunga, zile tunazoziita ABS, ziliingia kwenye Mercedes-Benz S-Class mwaka 1978 kwa kazi ya Bosch. Mwaka 1995 kampuni hizohizo zikaleta mfumo wa kudhibiti mwelekeo: sensa zinalinganisha mahali unapogeuza usukani na mahali gari linapokwenda kweli, na zikitofautiana, kompyuta inashika breki ya gurudumu moja kulirudisha gari njiani. Taasisi ya bima ya usalama barabarani ya Marekani, IIHS, ilikuta kwamba mfumo huu unapunguza takribani kwa nusu hatari ya ajali za vifo zinazohusisha gari moja tu, yaani dereva kupoteza mwelekeo na kutoka barabarani. Nusu! Hakuna mlio wa injini unaofikia thamani hiyo.

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo chanzo kikuu cha vifo kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Umri huo ni wetu. Kwa hiyo mtu akisema "mimi sitaki hizo kompyuta, nataka gari halisi", mwulize kama amewahi kuendesha kwenye mvua ya masika gari lisilo na ABS, na kando ya barabara kuna wanafunzi wa shule ya msingi.

Msimamo wangu ni huu. Kompyuta inayosubiri pembeni hadi ukosee ni rafiki. Kompyuta inayokufanyia kila kitu hadi usijue kwamba umekosea ni mlezi anayedekeza. Magari mazuri ya leo yanajua tofauti hiyo. Mazda MX-5, iliyoanza mwaka 1989 ikiwa na injini ya lita 1.6 na uzito kama kilo 950, bado katika kizazi chake cha nne inazunguka kwenye tani moja hivi, ina mifumo ya usalama ya kisasa, na bado inaongea. Toyota GR Yaris ya mwaka 2020 ina silinda tatu tu, farasi 261 katika soko la Ulaya, kilo 1,280 hivi, na ilikuja na gia sita za mkono. Kwa hiyo siyo lazima uchague kati ya tabia na uhai.

Sasa twende Altezza

Najua wengi wetu hatutaiona GT-R zaidi ya kwenye simu. Gari letu la ndoto, lile linalopatikana, ni Toyota Altezza. Nalo lina somo. Lilitoka Japani mwaka 1998 kama saluni ya michezo inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. RS200 yenye gia sita za mkono ilikuwa na silinda nne na farasi 210. AS200 ilikuwa na silinda sita na farasi 160. Uzito wake, kama kilo 1,350, ni mdogo kwa kipimo cha leo. Kwa karatasi ni gari lenye tabia hasa.

Lakini la mwisho lilitengenezwa mwaka 2005. Lolote utakalouziwa leo limepita miaka mingi na mikono mingi, na hapa ndipo vijana wanapochanganya tabia na ubovu. Shokapu zilizokufa zinalifanya gari lirukeruke na mkia ucheze. Mwenye nalo anasema "ina drama". Bushi zilizoisha zinafanya usukani uwe na uwazi katikati. Anasema "ndivyo ilivyo". Springi zimekatwa ili gari likae chini, kwa hiyo likiingia shimoni linagonga mwisho na tairi linaruka hewani. Tairi ni za mtumba, mpira umekuwa mgumu kama plastiki. Gari la namna hiyo halikuambii ukweli. Linakudanganya. Ile taarifa ya usukani kuwa mwepesi kabla ya kuteleza haiwezi kupita kwenye bushi zilizoisha.

Kwa hiyo kabla hujapenda rangi na mlio wa eksozi, fanya haya. Soma namba nne za mwisho kwenye maandishi ya ubavuni mwa tairi: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2311 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2011. Tairi hilo livue hata kama kashata zake bado ndefu. Bonyeza kona ya gari kwa uzito wako wote uachie. Likirudi na kutulia, sawa, likiendelea kudunda, shokapu hakuna. Badilisha mafuta ya breki, kwa sababu hunyonya unyevu, na unyevu ukichemka kwenye mteremko pedali inazama. Funga mkanda. Kisha hela ya kwanza ya "kuongeza nguvu" iweke kwenye tairi nzuri, shokapu na bushi. Gari lako litaanza kuongea kama lilivyoongea likiwa jipya, na hutakuwa umeongeza hata farasi mmoja.

Maswali ya kujipima

1. Chagua magari matatu unayoyapenda. Gawanya nguvu za farasi kwa tani. Kisha pigia hesabu nishati ya kila moja kwa kilomita 100 kwa saa. Je, lenye namba kubwa ya kwanza ndilo lenye namba ndogo ya pili?

2. Mweleze rafiki asiyesoma uhandisi kwa nini usukani huwa mwepesi kabla tairi halijaachia. Akielewa bila mchoro, umeelewa.

3. Kagua tarehe za tairi za gari unalopanda mara kwa mara. Ukikuta zimezeeka, mwambie mwenye gari kwa adabu.

4. Kwa mjadala wa bwenini: gari la umeme linaloigiza gia na mlio, je, ni udanganyifu au ni ufundi? Jibu bila kutumia neno "roho".